Wakili Asiye na Hotuba

Mtajie msomaji wa Kiswahili wakili wa utetezi, na picha inayomjia kichwani ni ya mtu aliyesimama. Amesimama mbele ya jaji, ameinua mkono, anatoa maneno mazito, na watu waliojazana nyuma wameshika pumzi. Wengine tumeipata picha hiyo kwenye sinema. Lakini wengi wetu tuliosoma fasihi shuleni tumeipata kwa Shaaban Robert. Karama wa Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, ndiye mtetezi maarufu kuliko wote katika lugha yetu: anashtakiwa na Waziri Majivuno katika nchi inayoelea angani, hana wa kumtetea, anajitetea mwenyewe kwa ulimi wake, na anashinda. Tangu hapo tumeamini kwamba utetezi ni ufasaha. Wakili mzuri ni yule anayejua kusema.

Kitabu ninachotaka kukizungumzia leo kinaivunja imani hiyo polepole, karibu bila kutangaza. Ni Just Mercy, cha Bryan Stevenson, wakili Mmarekani Mweusi aliyetumia maisha yake ya kazi kuwatetea watu waliohukumiwa kifo katika jimbo la Alabama. Kilitoka mwaka 2014, na mwaka 2019 kikatengenezewa filamu. Wengi wameiona filamu, wachache wamekisoma kitabu. Si kitu kimoja, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kisa chenyewe. Novemba 1, 1986, katika mji mdogo wa Monroeville, msichana wa miaka 18 aitwaye Ronda Morrison, Mzungu, aliuawa ndani ya duka la dobi alikokuwa anafanya kazi. Miezi ikapita bila mtu kukamatwa. Wananchi wakaanza kulalamika, sherifu mpya akawa anaulizwa kila anapopita. Mwaka uliofuata akakamatwa Walter McMillian, Mweusi aliyekuwa na biashara ndogo ya kukata miti. Hakuwa na historia ya kesi nzito. Alichokuwa nacho ni uhusiano na mwanamke Mzungu, ambao mji mzima ulikuwa umeshaujua. Siku na saa ya mauaji McMillian alikuwa nyumbani kwake, maili kama kumi na moja kutoka dukani, ambako familia yake ilikuwa inakaanga samaki na kuwauzia watu ili kuchangisha fedha za kanisa. Makumi ya watu walimwona. Karibu wote walikuwa Weusi.

Kabla hata ya kesi kusikilizwa alipelekwa kwenye seli za waliohukumiwa kifo, akakaa humo zaidi ya mwaka. Yaani mahabusu, mtu ambaye sheria inasema hana hatia, anawekwa pamoja na wanaosubiri kiti cha umeme. Kesi ilipoanza, mwezi Agosti 1988, ilichukua siku moja na nusu. Kati ya raia 12 waliokaa kuamua hatia, 11 walikuwa Wazungu. Walimtia hatiani, lakini walipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akalitupa pendekezo lao na kumpa kifo, jambo ambalo sheria ya Alabama ililiruhusu hadi mwaka 2017. Jaji huyo aliitwa Robert E. Lee Key, jina la jenerali aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyopigania kuendelea na utumwa. Ungekutana na jina hilo kwenye riwaya ungesema mwandishi amezidisha.

Na kuna la kuzidisha zaidi. Monroeville ndiko alikozaliwa Harper Lee, mwandishi wa To Kill a Mockingbird, riwaya ya mwaka 1960 iliyomfanya Atticus Finch kuwa wakili wa utetezi anayependwa kuliko wote duniani. Mji huo unajivunia riwaya hiyo. Jengo la mahakama ya zamani limefanywa makumbusho, na wenyeji huigiza hadithi hiyo wenyewe kila mwaka, watalii wakilipa viingilio kuja kumwona Mzungu mwema akimtetea Mweusi aliyesingiziwa. Katika mji huohuo, kizazi kimoja baadaye, Mweusi aliyesingiziwa hakupata Atticus wala jirani wa kumshangilia.

Stevenson anakumbusha jambo ambalo mashabiki wa Atticus hulisahau: Atticus alishindwa. Tom Robinson alitiwa hatiani licha ya hotuba ile nzuri, na baadaye akapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani. Kinachobaki kichwani mwa msomaji ni heshima ya wakili, na mteja aliyekufa anasahaulika. Hapo ndipo Just Mercy inapoanza kufanya kazi yake kama kitabu. Inachukua hadithi ya wakili mwema, inaigeuza, na kutuuliza: huyu mteja, baada ya hotuba, alikwenda wapi?

Sasa tuangalie kazi yenyewe, maana hicho ndicho nilichokitafuta kitabuni na ndicho nilichokipata.

Wakili wa Stevenson hutumia muda mwingi zaidi barabarani kuliko mahakamani. Anaendesha gari saa nyingi kwenda gerezani na kurudi. Anakaa kwenye nyumba za mabanzi na matrela, anakunywa alichoandaliwa, anasikiliza ndugu thelathini wakimweleza jambo lilelile: Walter alikuwa hapa, tulimwona kwa macho yetu, kwa nini hatuaminiki? Haandiki hotuba. Anaandika majina, saa, nani alikaa wapi, nani alikuja kununua samaki. Kuna shahidi aliyedai aliliona gari la McMillian karibu na duka siku ile, gari lililoshushwa chini kwa mtindo wa vijana. Basi wakamtafuta fundi, na ikaonekana kwamba gari lile lilishushwa miezi kadhaa baada ya mauaji. Kesi ya kifo ilikuwa imeegemea kwenye springi za gari. Aliyeliona hilo ni mtu aliyejali kumuuliza fundi, wala hakuhitaji ufasaha wowote.

Kingine ni kanda. Shahidi mkuu wa serikali, Ralph Myers, mhalifu mzoefu, alirekodiwa na polisi akimtaja McMillian. Mwenzake Stevenson alipoisikiliza kanda hiyo aliiacha iendelee hadi mwisho, kisha akaigeuza. Upande wa pili alikuwamo Myers yuleyule, akilalamika kwamba analazimishwa kumsingizia mtu asiyemjua. Upande huo wa utetezi haukuwahi kupewa. Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi ambazo zingeipa sekunde hiyo sura nzima, mvua ikinyesha nje na moyo ukidunda. Stevenson anaieleza kwa utulivu wa karani. Ndiyo sababu inatisha. Unajiuliza ni kanda ngapi duniani ambazo hakuna aliyezigeuza.

Halafu kuna fedha, ambazo vitabu vya mawakili mashujaa huzikwepa. Alabama ya wakati huo haikuwa na ofisi ya umma ya mawakili wa utetezi kwa jimbo zima. Mshtakiwa maskini alipangiwa wakili binafsi, na malipo ya kazi ya wakili huyo nje ya mahakama katika kesi ya kifo yalikuwa na ukomo wa dola 1,000. Piga hesabu mwenyewe: kumtafuta fundi, kusikiliza kanda, kuzungumza na watu thelathini vijijini, vyote ni kazi ya nje ya mahakama. Sheria ilimlipa wakili asimame na kuseme maneno yake. Haikumlipa ajue anachokisema.

Hapa ndipo hoja ya kitabu inapokuwa ya hatari, kwa maana nzuri ya neno hilo. Tukiamini kwamba utetezi ni hotuba, tutaridhika na mfumo unaompa mshtakiwa mtu wa kutoa hotuba. Tutaona joho, tutasikia lugha ya kisheria, tutaondoka tukisema haki imetendeka maana hata wakili alikuwepo. McMillian alikuwa na mawakili wakati wa kesi yake, tena wenye jina huko Selma. Hakufungwa kwa kukosa wasemaji.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari, na maneno niliyoyasikia mara nyingi zaidi ya yote ni mawili: upelelezi haujakamilika. Karandinga linaleta watu asubuhi, majina yanasomwa, kesi inaahirishwa, karandinga linawarudisha. Nimewahi kumwona wakili aliyepangiwa mshtakiwa wa mauaji akimuuliza jina lake koridoni, jalada likiwa bado jipya mkononi, saa moja kabla ya kuingia ndani. Akaingia, akasema vizuri kweli. Kiswahili safi, adabu kwa mheshimiwa jaji, vifungu vimenyooka. Ungekuwa mgeni ungesema mshtakiwa yule ana bahati. Kwa hiyo niliposoma habari za dola 1,000 sikuona mambo ya Marekani peke yake.

Lakini kitabu si ripoti, na sura zake bora ni zile ambazo ushahidi umekwisha au hausaidii tena. Ipo ya mvulana wa miaka 14, Charlie, aliyempiga risasi mpenzi wa mama yake baada ya mwanamume huyo kumpiga mama hadi kuzirai. Amewekwa kwenye jela ya watu wazima. Stevenson anakwenda kumwona, anamuuliza maswali, mtoto hajibu. Anauliza tena, kimya. Mwishowe wakili anahamisha kiti, anakaa upande wa mtoto, anamwegemea begani. Anakaa hivyo. Baada ya muda mtoto naye anaegemea, kisha analia, kisha anasema aliyofanyiwa usiku na wanaume wa humo ndani. Hakuna shule ya sheria inayofundisha kuhamisha kiti. Hata hivyo nadhani hilo ndilo tendo la kisheria muhimu kuliko yote kitabuni, kwa sababu bila hilo hakuna atakayejua kilichompata mtoto, na asiyejua hawezi kutetea.

Neno letu lenyewe linalijua jambo hili. Kutetea kunatokana na kuteta. Ukiteta, unagombana au unamsema mtu; ukitetea, unateta kwa ajili ya mwingine. Na wakili, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni mtu aliyekabidhiwa kusimama mahali pa mwenzake. Huwezi kusimama mahali pa mtu usiyejua anasimama wapi. Stevenson anarudia mara kwa mara fundisho la bibi yake, binti wa watu waliozaliwa utumwani Virginia: vitu vya maana havielewiwi kwa mbali, sharti usogee. Mtu anaweza kulisoma kama wosia wa familia. Mimi nimelisoma kama maelezo ya kazi.

Kisha kuna kushindwa. Waandishi wengi wa kumbukumbu wanaweka kushindwa ili ushindi ung'ae. Stevenson anaweka kwa sababu ni sehemu ya wiki yake. Agosti 18, 1989 alinyongwa, niseme alichomwa kwa umeme, Herbert Richardson, askari aliyerudi kutoka Vietnam akiwa ameharibika akili, aliyetega bomu kwenye baraza ya nyumba likamuua mtoto wa kike. Hakuwa amesingiziwa. Alifanya. Alikuwa ameoa muda mfupi tu nyuma, na shughuli kubwa ya saa zake za mwisho ikawa ni kuhakikisha mkewe anapata bendera anayostahili kama mjane wa askari. Siku ile kila mtu gerezani alimuuliza anataka chakula gani, anataka kupiga simu, anahitaji nini. Richardson akamwambia wakili wake kwamba katika siku ile moja ameulizwa asaidiwe vipi na watu wengi kuliko walivyowahi kumuuliza katika maisha yake yote. Wakili hana la kujibu. Anahesabu umri wa mtu huyo kinyumenyume: walikuwa wapi hao wasaidizi alipokuwa na miaka mitatu? Alipokuwa kijana? Alipotoka vitani akitetemeka?

Kwangu mimi hiyo ndiyo sura inayokipima kitabu, kuliko hata habari za McMillian. Kumtetea asiye na hatia kila mtu anakubali. Hata mama muuza vitumbua pale stendi atakwambia ni vizuri. Swali ambalo mawakili wa utetezi huulizwa harusini, msibani, kwenye daladala, ni lile jingine: eti wewe unawezaje kumtetea muuaji? Na hapa naanza kugombana na Stevenson kidogo. Amechagua uti wa mgongo wa kitabu chake uwe mtu asiye na hatia. Sura zinapishana: moja ya McMillian, moja ya mtu mwingine, tena McMillian. Kwa hiyo wenye hatia tunakutana nao kwa kupita, tukiwa na hamu ya kurudi kwa Walter tujue imekuwaje. Ni mbinu nzuri ya kumshika msomaji, lakini ina gharama. Richardson alistahili kitabu kizima. Tungesoma kurasa mia tatu tukijua kwamba amefanya, na bado tukaulizwa haki yake ni ipi, tungetoka wasomaji wengine.

Wahenga walikwishalisema kwa ukali ambao Stevenson hakuufikia: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tunaitumia methali hii kirahisi siku hizi, tukitaka kumsifu mchezaji wa timu pinzani. Isikilize tena. Haisemi mnyonge ameonewa. Inakubali kwamba hata kamba ipo tayari, na bado inadai kuna kitu chake ambacho hamruhusiwi kukichukua. Hiyo ndiyo kazi ya wakili wa utetezi, kwa maneno sita.

Gombano langu la pili ni kuhusu Ronda Morrison. Jina lake linatajwa, kifo chake kinaelezwa, wazazi wake wanaonekana kwa mbali wakiwa na majonzi. Basi. Mchezaji huyu aliyekufa kwanza ndiye tunayemfahamu kidogo kuliko wote. Najua jibu: hiki ni kitabu cha mtetezi, si cha familia ya marehemu. Sawa. Lakini mwandishi anayetufundisha kusogea karibu angeweza kutusogeza hatua moja huko pia. Wazazi wale walidanganywa mara mbili, mara ya kwanza walipoambiwa muuaji amepatikana, mara ya pili walipoambiwa si yeye. Udanganyifu ule haukuwaumiza Weusi wa Monroeville peke yao, na kurasa chache za majonzi hayo zingeipa hoja ya Stevenson nguvu ambayo takwimu zake, nyingine zikirudiwarudiwa, haziipi.

Na tatu, ingawa hili ni dogo: wakili huyu ni mwema mno. Anachoka, ndiyo. Mwaka 2009, usiku wa kuuawa kwa Jimmy Dill, mtu mwenye kigugumizi aliyehangaika kutoa neno la shukrani kwenye simu, Stevenson anakaa ofisini analia na kuwaza kuacha kazi. Kurasa hizo zimeandikwa vizuri na nimezirudia. Lakini hakuna mahali anapomchukia mteja. Mawakili ninaowafahamu huwachukia wateja wao walau mara moja kwa wiki, kisha wanakwenda kuwatetea vilevile. Hilo nalo ni heshima, pengine kubwa zaidi.

Tuje kwenye filamu. Michael B. Jordan anaigiza kama Stevenson, Jamie Foxx kama McMillian, na Foxx ni mzuri kweli. Tatizo ni kwamba kamera haiwezi kuvumilia karatasi. Kanda, fundi, safari, vyote vimebanwa ili tufike mahakamani, na tukifika, wakili anapewa alichonyimwa kitabuni: hotuba. Siku ya kuachiwa McMillian, Machi 2, 1993, kitabuni ni fupi sana. Kazi ilikuwa imeshafanyika kwingine. Myers alikuwa amekwishakana ushahidi wake mbele ya jaji mwaka mmoja nyuma, na jaji yule, amini usiamini, akakataa ombi. Ndipo mahakama ya rufaa ya jimbo ikaitengua hukumu, huku habari ikiwa imeshafika kwenye televisheni ya taifa na wapelelezi wa jimbo wakiwa wameanza upya. Stevenson anasema siku ile ya uhuru alijikuta ana hasira kuliko furaha: miaka sita ilikuwa imeliwa, na kuifuta hukumu kulichukua dakika. Filamu inaipaka asali hasira hiyo. Tunatoka ukumbini tumeridhika, na kuridhika ndicho kitu ambacho kitabu kilikataa kutupa.

Filamu pia inaishia mapema. Kitabu kinamfuata McMillian baada ya vifijo. Anashtaki, na mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani inaamua kwamba kaunti haiwajibiki kwa matendo ya sherifu yule. Sherifu anaendelea kuchaguliwa. McMillian anarudi kwenye miti yake, anaumia, kisha akili inaanza kumtoka. Katika nyumba ya wagonjwa anadhani amerudishwa kwenye seli ya kifo na anamwomba wakili wake amtoe. Alifariki mwaka 2013. Hili ndilo swali la Tom Robinson limejibiwa: mteja, baada ya wakili kushinda, alikwenda wapi? Alirudi kulekule.

Sasa nimrudie Karama, kwa sababu kitabu hiki kimenifanya nifungue tena Kusadikika, na ningependa na wewe uifungue. Tumezoea kumfundisha Karama kama msemaji. Lakini angalia alishtakiwa kwa nini. Kosa lake lilikuwa kuwafundisha watu elimu ya uanasheria. Majivuno hakumwogopa mtu mmoja mwenye ulimi. Aliogopa mafunzo, yaani nchi yenye watu wengi wanaojua namna ya kuuliza. Halafu angalia anavyojitetea. Hajisifu wala hakanushi kwa mafumbo. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kwa ajili ya Kusadikika, mmoja baada ya mwingine, Buruhani, Fadhili na wenzao, jinsi walivyohangaika, walivyorudi na faida, na walivyoishia kifungoni bila kusikilizwa. Hayo ni majalada. Karama ameyafungua majalada sita yaliyofungwa, amesoma upande wa pili wa kanda, amewaweka mbele ya mfalme watu ambao mfumo ulikwisha wasahau. Ushindi wake unaishia kwa wafungwa kufunguliwa. Shaaban Robert aliandika hivyo chini ya ukoloni, na hotuba ndiyo iliyobaki vichwani mwetu.

Kwetu suala hili halijafungwa. Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji Desemba 2017. Tanzania, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu bado kimekuwa kikimpa jaji adhabu moja tu kwa aliyeua kwa kukusudia, ingawa Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema Novemba 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Hatujanyonga tangu miaka ya 1990, lakini watu wanaendelea kuhukumiwa na kukaa. Adhabu ikiwa moja, jaji hana nafasi ya kusikia habari za utoto wa mtu, vita alivyopigana, au maradhi yake. Huruma imefungiwa nje ya mlango kisheria, na kazi yote inabaki kwa yule anayetafuta fundi wa gari kabla ya hukumu.

Kitabu hiki hakijapata Kiswahili ninachokijua, na atakayekitafsiri ataanza kuumiza kichwa kwenye jalada. Neno la kwanza la jina lake lina maana mbili kwa Kiingereza, haki na tu. Huruma ya Haki itapoteza upande mmoja, na Huruma Tu itapoteza wa pili. Ningemshauri achague Huruma Tu. Ni jina dogo, halina mbwembwe, na linafanana na jinsi ombi lile linavyotamkwa na watu wenyewe, wakiwa wameshika nondo, karandinga likiwa linawashwa.